Ujumbe wa Wifi

Mama Pasi, kama walivyomwita wateja wa duka la dobi, alikuwa na ugomvi mmoja tu na tamthilia ya kila Alhamisi: kitani cha yule bibi wa hoteli hakikunjamani. Anashuka kwenye teksi, anakaa, anainuka, ananyeshewa, suruali imenyooka kama rula!

"Uongo mtupu," alimwambia wifi yake, maana waliitazama kila mmoja kwake, simu sikioni. "Kitani mimi nakijua. Ukikitazama tu kinajikunja."

"Wewe nawe, wifi! Tazama mji, achana na suruali."

Na mji, jamani, ulitazamika. Hoteli yenye ngazi ya kuzunguka, roshani za chuma zenye maua, wanawake wawili wenye kofia pana wakinywa kahawa saa nne asubuhi kana kwamba duniani hakuna kazi. Kwenye sehemu ya tisa ndipo wifi aliposema, "Nasi twende." Siku nne, chumba kimoja vitanda viwili, kofia, midomo myekundu. Mambo kangaja, huenda yakaja.

Wifi huyu, muuza miwani asiyeweza kukaa kimya hata akimpima mtu macho, alikuwa dada wa mume wake. Wa aliyekuwa mume wake, tuseme ukweli. Bwana yule aliondoka miaka miwili iliyopita na sasa ana mke mwingine. Ukoo mzima ulimhama Mama Pasi kama nyumba inayovuja. Akabaki huyu mmoja. "Mimi sikukuoa," alimwambia siku ile, akicheka na kulia, "kwa hiyo siwezi kukuacha." Maneno hayo Mama Pasi aliyashika kuliko cheti chochote.

Basi akajiandaa. Aliomba likizo, akapewa. Alikata nywele kama za yule bibi, hazikumkaa, akazivumilia. Kwa muda mrefu alikuwa akila amesimama jikoni, kwa sababu meza ya watu wanne ukiikalia peke yako inakutazama. Sasa aliikalia kila jioni, akirudia sehemu ya tisa na kuchora kwenye daftari njia ya kutoka hotelini hadi mgahawani: kushoto penye saa kubwa, kulia penye duka la glavu.

Wiki tatu mfululizo wifi hakupiga simu Alhamisi. Kazi zimenizidi, alisema. Mama Pasi akaamini, angefanyaje?

Jumanne mchana, pasi mkononi, ujumbe wa sauti ukaingia. Akaubonyeza, akaiweka simu juu ya rundo la mashuka.

"Wifi weee! Chumba nimepata! Hoteli ile ile, ngazi ile ile! Siku nne, mimi na wewe, watu watavunjika shingo kututazama! Na ile kofia ichukue, usione haya."

Loo! Aliweka pasi pembeni, akapiga kigelegele hadi mwenzake aliyekuwa akitundika makoti akageuka. "Naenda!" akamwambia. "Si nilikuambia naenda?"

Ujumbe ulikuwa haujaisha.

"Kaka mwambie mapema kwamba atabaki na mtoto, asije akaleta visingizio. Ila picha tusiweke popote, tafadhali. Yule wa zamani akijua ataumia, nami sitaki maneno. Haya, nibusie mtoto."

Mwenzake akayarudia makoti yake, akayatundika polepole mno.

Kosa lenyewe dogo. Mtu ana mawifi wawili kwenye simu, wote kawaandika Wifi, kidole kikateleza. Mama Pasi alijaribu kukasirika, hasira ikagoma. Alichokuwa nacho ni upweke tu, saa nane mchana, mbele za watu. Yule wa zamani. Hakujua kwamba ana jina hilo.

Simu ikaita. Akaiacha. Ikaita tena, akapokea, maana bado alikuwa na tumaini dogo la kijinga: wifi atacheka, atajitukana, atasema twende watatu, twende mwakani, lolote, mradi aanze kwa kumwita wifi.

"Haloo?" Sauti ilikuwa ya adabu, ya dukani, ile wanayopewa wateja wa miwani. "Samahani sana, dada."