Chaki Kabla ya Mkasi

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, shangazi alipiga simu kusema kwamba haji, jino limemvimbisha shavu na hataki kuonekana na mtu. Binti alimpa pole, akakata simu, akabaki ameshika tama. Watu wanne alikwisha kuwapata. Wa tano ndiye huyo mwenye jino.

Ilikuwa hivi. Asubuhi binti alifanya kazi katika duka la kuchapa, akipanga kadi na mabango. Mchana alirudi kwenye kona yake ya chumba cha mbele, ambacho ndicho pia karakana ya mama yake fundi cherehani, na hapo, katikati ya marobota ya vitambaa, kwa miezi minane alikuwa akiishughulikia programu moja ya kuhariri picha. Programu yenyewe ni ya bure, na msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaweza kuuchungulia, kuurekebisha na kupendekeza jambo. Uwezo wake si wa kawaida. Sura yake sasa, hapo ndipo penye taabu. Ukiifungua unakutana na vitufe vidogo hamsini vilivyosongamana pembeni, na watu wengi huifunga palepale wakaenda zao. Binti aliipangia sura mpya, yenye vitufe vikubwa vichache, na alitaka sura hiyo iingie katika toleo linalokuja. Alilitaka jambo hilo mpaka akaliota.

Msimamizi wa kundi la wanaojitolea, mtu wa mbali ambaye hawajawahi kuonana, wenzake walimwita Komeo, na jina lilimkaa. Mara ya kwanza alimrudishia mpango wake kwa sentensi moja: "Inapendeza, lakini inampendeza nani?" Mara ya pili aliandika: "Umewauliza wabunifu wenzako. Waulize watu." Safari hii alitoa sharti. Watu watano ambao hawajawahi kuifungua programu hiyo, kila mmoja amtoe mtu kwenye picha, amweke juu ya rangi nyeupe, ahifadhi, yote ndani ya dakika kumi bila msaada. Anayetazama hasemi neno. Mwisho ni Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo toleo linafungwa hadi mwakani.

"Mtu mmoja tu ndiye anayekosekana?" mama aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Si nipo mimi?"

"Mama, wewe hata kupunguza sauti ya simu unamwita jirani."

"Ndiyo maana nakufaa. Sogea huko."

Binti alisita. Mama yake aliiita shughuli ile "kazi ya Mungu atakulipa", na hakuwahi kuinua macho kuitazama. Lakini saa zilikuwa zinakwenda. Alimpisha kiti, akamfungulia picha ya mtoto wa kaka yake aliyesimama mbele ya ukuta uliobanduka rangi, akamweleza la kufanya, akaziba mdomo.

Fundi alikishika kipanya kama anayeshika pasi ya moto. Alitazama vitufe vyote, akatabasamu alipouona mkasi, akaubonyeza. Picha nzima ikatoweka.

"Mtoto kaenda wapi?"

Binti kimya.

"Nimekuuliza, mjukuu wangu yuko wapi?"

Binti akaandika kitu kwenye daftari.

"Ona mtoto huyu. Nimemfundisha mwenyewe kusema, leo ananinunia." Fundi aligeuka kwenye skrini, akabonyeza hiki na kile, akafungua dirisha la rangi, akalifunga, akafungua jingine, na dakika kumi zikaisha akiwa mbele ya weupe mtupu. Alivua miwani yake polepole. "Aliyetengeneza hii," alisema, "hajakata kitambaa hata siku moja."

"Mama, nimetengeneza mimi."

"Basi ni wewe. Mkasi umeuweka mbele kabisa, chaki iko wapi? Mtu anakata kabla hajachora? Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha kwenu."

Binti aliumia, tena sana. Alitaka kujibu kwamba wanne waliotangulia wote walimaliza. Alifungua daftari ili amwonyeshe, na hapo ndipo alipoyasoma maandishi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mjomba: alibonyeza mkasi, picha ikapotea, akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, amemaliza. Kinyozi: mkasi, picha ikapotea, akacheka, amemaliza. Muuza mikate vivyo hivyo. Na wa nne pia. Kila mmoja alijikwaa palepale, naye kila mara alipiga mstari chini ya neno "amemaliza" akaendelea na furaha yake. Miezi minane alikuwa akiwaonea huruma wanaopotea ndani ya sura ya zamani, kumbe mpya nayo ilikuwa na shimo lake mlangoni.

Angeweza kumwacha mama nje ya hesabu na kumtafuta mwingine anayejua kurudi nyuma. Wazo hilo lilimjia, nami sitamsingizia usafi asiokuwa nao: lilikaa naye muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Kisha alivuta kiti cha pili.

"Keti, mama. Nieleze unavyokata, tangu mwanzo."

Swali hilo fundi alikuwa amelisubiri miaka mingi bila mwenyewe kujua. Alieleza mpaka chai yake mwenyewe ikapoa. Kwanza unatandaza. Kisha chaki, tena kwa mkono mwepesi, kwa sababu chaki inafutika na mkasi haufutiki. Unasimama, unatazama mstari wako, unajiuliza kama ndio. Mkasi haulali karibu na mkono. Unakaa upande wa pili wa meza, uufuate kwa makusudi. Binti aliandika hadi kidole kikamuuma.

Ijumaa aliomba ruhusa dukani akaibomoa kazi yake. Kitufe cha chaki kikaja mbele, kikubwa. Ukikibonyeza unachora mstari mweupe wa vitone kumzunguka mtu, na ukikosea unaufuta. Mkasi aliuhamishia upande wa pili na kuupaka rangi ya kijivu. Unalala, haubonyezeki, hadi mstari ukutane na mwanzo wake. Hapo ndipo unaamka. Mama alisimama nyuma yake muda wote huku suruali za wateja zikimngoja.

"Chaki yako nene mno."

"Hivi?"

"Hivyo unachora barabara. Punguza tena."

Jioni kazi ilikamilika, na binti akakumbuka jambo lililomkata maini. Sura imebadilika, kwa hiyo wale wanne hawahesabiki tena. Alihitaji watu wengine watano, kabla ya saa sita kesho.

"Watano tu?" mama alisema, akafungua daftari lake la oda. "Kesho asubuhi wanakuja sita kuchukua nguo."

Kwa hiyo Jumamosi watu walipofika karakana walikuta utaratibu mpya. Nguo yako iko tayari, imepigwa pasi, inaning'inia pale unaiona, lakini kwanza keti hapa umtoe mtoto ukutani. Msusi alidhani ni mzaha. Alipoona fundi hacheki, akaketi.

Tatizo lilikuwa fundi mwenyewe. Huyu ni mwanamke anayezungumza na cherehani, na uzi, na vifungo vinavyoanguka. Msusi alipoanza kuzungusha kipanya mbali na chaki, binti alimwona mama yake anavuta pumzi ya kusema, na miezi minane ikapita mbele ya macho yake. Fundi akainua mkono, akachukua pini tano mezani, akazipanga midomoni. Akabaki hivyo, macho yamemtoka, akiunguruma kidogo puani. Msusi akaipata chaki peke yake. Akachora, akafuta, akachora, na mkasi ulipoamka alisema "aa", akakata. Dakika sita.

Muuguzi alitumia nne. Mwalimu wa hesabu tisa, kwa sababu alitaka mstari unyooke. Mpishi wa hoteli alimaliza huku akisimulia habari za mguu wake. Mteja wa tano aligoma kabisa, akachukua sketi yake akaondoka, na fundi, kwa ajili ya pini, hakuweza hata kumsema.

Akabaki dereva wa lori. Saa tano ikapita, hayupo. Saa tano na nusu, hayupo. Alitokea saa sita kasoro dakika kumi na nane, vidole vyake vinene kuliko kipanya, akasema kompyuta na yeye ni mbalimbali. Fundi alimwonyesha suruali yake, kisha kiti. Dereva akaketi.

Alibonyeza mkasi kwanza. Mkasi ulikuwa umelala. Aliubonyeza tena, akakuna kidevu, na macho yake yakatembea mpaka upande wa pili. "Kumbe ninachora kwanza," alijiambia. Mstari ulimponyoka kwenye sikio la mtoto, akafuta, akarudia. Fundi nyuma yake alikuwa amebana pini hadi jasho likamtoka. Sita kasoro dakika saba mtoto alisimama juu ya weupe safi, amehifadhiwa, na dereva akaomba apewe nakala.

Binti alituma kila kitu, pamoja na kurasa za Alhamisi zenye makosa yake yote, na jina la aliyeyaona: fundi cherehani. Dakika mbili baadaye Komeo alijibu. "Chaki. Tuna miaka hapa na hakuna aliyewaza hivyo. Imeingia."

Fundi alitema pini kiganjani. "Imeingia wapi?"

"Kwenye programu, mama. Kila atakayeifungua, popote alipo, ataikuta." Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, wala hakujali.

"Na watajua ni wewe?"

"Hapana. Wataitumia tu."

Fundi alizirudisha pini mezani, moja moja. "Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata baba yako," alisema. "Nikimwona mtu njiani amevaa gauni langu, mtu ambaye hanijui, huwa namfuata. Nalipita duka nililokuwa naliendea, namfuata tu, nione linavyokaa mgongoni. Kuna siku nilipotea." Alivuta kiti mpaka kwenye kompyuta, akaketi karibu na binti yake, akavaa miwani. "Nifungulie tena, mwanangu. Nataka kuona hii yako inavyokaa."