Punguza Pembeni

Kinyozi akisikia "punguza kidogo pembeni" anajua jambo moja tu, na shemeji yangu ni kinyozi. Kosa ni langu. Nalikiri mapema, asije mtu akanifundisha.

Mimi ni mtunza bustani wa hospitali. Getini kwetu kuna misaipresi miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Niliipanda mwenyewe ikiwa hainifiki magotini. Miaka tisa nimeipunguza ncha tu, kwa mkasi, mpaka ikawa mirefu, myembamba, pacha kabisa, kijani mwaka mzima. Watu wakielekezana njia husema, "Ingia pale kwenye miti miwili." Basi mgongo ukanilaza siku tatu, nikamwomba shemeji anishikie zamu.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Mwagilia maua. Na ule mti wa kulia, punguza kidogo pembeni."

Loo! Niliporudi, upande mzima ulikuwa umenyolewa mpaka kwenye vijiti vya kahawia. Shimo la kupita mbuzi.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimepunguza," akasema, kifua mbele. "Si utaota tena?"

"Kwani hizi nywele? Msaipresi ukiukata mpaka penye kahawia, hapo hapachipui tena. Hapachipui, shemeji!"

Akajishika kichwa. "Masikini, kumbe nimeuachia upara." Na hasira zangu zote, nikacheka.

Katibu wa hospitali hakucheka. Yule bwana hupenda vitu vilingane, hata kalamu mezani kwake huzipanga kwa urefu. "Pacha mmoja akiharibika, wote hawana maana. Nakata yote miwili, naweka nguzo za zege."

Zege! Miaka tisa yangu, zege! Nikamsihi mpaka sauti ikanikauka.

"Haya," akasema. "Geti tutalipaka rangi baada ya mwaka na nusu. Siku hiyo nikiliona shimo, msumeno unaingia."

Penye kahawia nisingeweza kuotesha hata jani moja, lakini matawi jirani yalikuwa mazima. Nikachana shuka kuukuu vipande vipande, nikainamisha tawi la juu, nikavuta la kando, nikayafunga yakatize lile shimo. Waya sikutaka, waya hula gome. Kila mwezi nililegeza vitambaa, nikavisogeza, nikakata ncha ili machipukizi yazidi. Shemeji hakukosa Jumapili hata moja, alikuja kunishikia ngazi.

"Mteja wangu anaendeleaje?"

"Nyamaza, shika ngazi."

Miezi minne ikapita, kijani hakijasogea. Wauguzi wakanifariji: haba na haba hujaza kibaba. Nikawajibu kibaba changu kimetoboka. Nililia stoo, kati ya majembe, sioni haya kusema. Mwezi wa sita tawi la kando likaanza kutanuka, na tangu hapo sikulala vizuri kwa furaha.

Siku ya rangi ikafika. Vitambaa nilikwisha kuvifungua. Katibu akaja na fundi wa msumeno, akaizunguka miti, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Shemeji alikuwa pembeni yangu, kaishika ngazi isiyo na mtu. Mwisho katibu akanyoosha kidole.

"Huu hapa. Shimo bado naliona. Anza na huu."

Alikuwa akionyesha wa kushoto!

"Bosi," nikasema polepole, maana utamu ule sikutaka uishe haraka, "huo kinyozi hajawahi kuugusa. Aliounyoa ni ule."

Mpaka rangi mmoja akaangua kicheko. Fundi akabeba msumeno wake begani. Katibu akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia.

"Basi," akasema, "pakeni geti."

Nilipiga vigelegele mpaka wauguzi wakafungua madirisha. Shemeji, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa ameukumbatia mti wa kulia, analia mbele za watu.