Saa Iliyoacha Kukosea

Rafiki wa mume wangu alikuja kuchukua saa za marehemu kabla hata viti vya msiba vya kukodi havijarudishwa. Alisimama mlangoni, lenzi yake ya kukagulia saa ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi, akasema saa zile hazitakiwi kulala.

"Shemeji, hizi si kama ya ukutani. Zikisimama, unapanga upya siku, tarehe, mwezi, mpaka mwaka. Acha nizitie ufunguo mimi mpaka utulie."

Mume wangu alimwita Lenzi, na mtaa mzima ukafuata. Hata kwenye harusi yetu alikuja na hiyo lenzi. Wote wawili walikusanya aina moja tu: saa za zamani za mkono zenye kalenda ya kudumu, zile zinazojua zenyewe mwezi upi una siku thelathini na upi una moja zaidi, na Februari ya mwaka mrefu hazidanganyiki. Kila Jumamosi walitandika kitambaa laini juu ya meza ya sebuleni, wakaongea habari za skurubu kama wengine wanavyoongea mpira.

Nilimpa zote, zikiwa zimefungwa kwenye vipande vya flana. Moja nilibaki nayo mkononi kidogo. Ni ile ambayo nesi aliivua kwenye mkono wa mume wangu akaniwekea kiganjani, ingali na joto.

"Nyingine utazinunua tukielewana," nilimwambia. "Hii haiuzwi. Hii ni yangu."

"Najua, shemeji," akasema, akaangalia sakafu.

Lile jicho lake la sakafuni nililiona. Ila mtu aliyefiwa huona mengi na hayashughulikii.

Baada ya wiki kadhaa alizirudisha. Aliziweka mezani moja moja, akieleza kila moja ilivyo. Ile yangu aliitoa mwisho, bila maelezo, akasema ana haraka. Chai niliyomwekea ikapoa peke yake.

Nikawa naitia ufunguo kila nikiamka, kama alivyofanya mume wangu. Mwezi wa sita ukaisha. Asubuhi yake nikaichukua mezani kando ya kitanda, nikaangalia tarehe. Ilisema moja. Na kweli ilikuwa tarehe moja.

Nikakaa chini.

Nieleze, maana binti yangu naye ilibidi nimweleze mara mbili. Mume wangu alipenda kuwaambia wageni kuwa saa yake haihitaji kurekebishwa tarehe mpaka mwaka elfu mbili na mia moja, "na siku hiyo mtanisamehe, sitakuwepo." Watu walicheka. Lakini mimi nililala naye chumba kimoja. Kila mwezi mfupi, usiofika siku thelathini na moja, ulipoisha, asubuhi alisimama dirishani, akanipa mgongo, na kwa kijiti chake chembamba cha mti akabonyeza kitu ubavuni mwa saa. Siku moja nilichungulia. Nikamwambia, "Mbona yako inasema thelathini na moja?" Akasema, "Hata mtu mzima husahau," akashusha mkono wa shati.

Ile saa ilikosea miaka yote. Sasa imeacha kukosea.

Binti yangu anafanya kazi duka la dawa, na alikuwa anafunga mkoba wake ili atoke.

"Mama, yaani saa iko sawa ndiyo unalalamika?"

"Si ya baba yako."

"Labda Anko Lenzi kaitengeneza."

"Angetengeneza angesema. Huyo akikaza skurubu moja anaisimulia mwezi mzima."

Akaweka mkoba chini. Tukaigeuza saa pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Mkanda ulikuwa wenyewe, na tundu ambalo mume wangu alilitoboa kwa msumari mkono ulipoanza kukonda. Nilipolishika tundu lile moyo ukataka kukubali. Kisha nikatazama kioo. Kilikuwa safi. Cha mume wangu kilikuwa na mkwaruzo toka siku alipoteleza bafuni.

"Mkanda kauhamisha," binti akasema polepole. "Kauvua kule akauvisha huku."

"Umeona?"

"Mwizi wa adabu huyu. Kakuachia mkanda."

Hatukucheka sana.

Nikampigia Lenzi simu, nikamwambia aje Jumamosi kama zamani. Siku zile za kusubiri nilimwaza vibaya. Nilikumbuka alivyokuwa akiishika ile saa, anaitazama muda mrefu kuliko nyingine, halafu anairudisha haraka. Nilikumbuka maua aliyoleta hospitali, nikayatilia shaka hata hayo.

Alikuja na shati lililopigwa pasi. Sikutandika kitambaa. Niliweka saa juu ya mbao tupu.

"Shemeji, hii ni ya nani?"

Aliangalia saa, akamwangalia binti aliyesimama karibu na mlango.

"Ni yako."

"Mwezi wa sita umeisha na haikukosea."

Akafumba macho. Nilitegemea abishe. Badala yake alivuta kiti akakaa kabla sijamkaribisha.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nilikuwa nayo miaka yote. Hiyo ndiyo kalenda ya kudumu kweli. Ile ya marehemu inafanana nayo sura tu. Ndani mtu aliweka mashine ya kalenda ya kawaida, inayohesabu thelathini na moja kila mwezi."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemuuzia."

Binti alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga moto. Nilimwinulia mkono anyamaze.

"Nilinunua bila kuifungua," Lenzi akaendelea. "Nilipoifungua nikaona nimeliwa. Yeye akaja, akaipenda, akaomba. Sikusema. Alipokufa nikaona siku moja utaipeleka kwa fundi, au huyu mtoto ataipeleka, mtaambiwa. Nikakupa iliyo nzima. Shemeji, sikukuibia. Hesabu mwenyewe nani kapata hasara."

"Mimi," nikasema. "Ya kwangu iko wapi?"

"Shemeji, ile haina thamani."

"Ilikuwa mkononi mwake. Iko wapi?"

"Nyumbani."

Binti akavaa viatu. "Twende, Anko, nakusindikiza." Tangu azaliwe hakuwahi kumsindikiza hata getini.

Waliporudi, Lenzi aliiweka saa mezani bila mkanda, imesimama. Nilitafuta mkwaruzo kwa kucha kabla ya macho. Ulikuwepo. Nikavua mkanda kwenye ile nzima nikauvisha yangu bila kuomba msaada. Ile nyingine niliisukuma upande wake.

Hakuichukua mara moja. "Marehemu aliwahi kuishtukia?"

Ningeweza kumwambia hapana, akalala usingizi.

"Alijua," nikasema. "Kila mwezi mfupi aliirekebisha mwenyewe, amenipa mgongo. Halafu Jumamosi anakuwekea chai."

Lenzi alishika lenzi yake kifuani, akaiachia. Nadhani alitaka kuuliza kwa nini marehemu hakusema, lakini aliyeweza kumjibu hayupo.

Saa ilikuwa bado imelala. Tarehe yake ilikuwa imebaki nyuma sana. Sikujua pa kuanzia, na hapa mtaani hakuna mwingine anayejua. Nikaleta kijiti cha mume wangu kutoka droo ya kitandani.

"Nionyeshe inavyobonyezwa," nikasema.

Uso wake ukafunguka kidogo. Akanyoosha mkono aichukue.

Nikaivuta upande wangu wa meza.

"Sema tu," nikamwambia. "Mikono iweke hapo ninapoiona."