Kimya Mpaka Uitwe Jina

Usiku wa jana niliota Uvumi ameingia ofisi ya walimu, amelowa chapachapa, akaomba kiti. Nilimpa, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa zamu wiki hii na wageni wa shule ni wangu.

Mchana wa siku hiyo alikuwa amekuja kweli, ila kwa simu: kuna gari jeupe linapita mashuleni likichukua watoto. Tukafanya kama tulivyofundishwa. Watoto wa darasa langu la pili waliingia chini ya madawati, wakanyamaza. Wazazi walikuja mbio kwenye mvua, nami nikasimama mlangoni na kuita majina hadi daftari likaisha. Nikafunga darasa kwa kufuli. Nilijipongeza, Mungu anisamehe.

Basi ndotoni namwuliza Uvumi, "Umetoka wapi?"

"Kwa msusi wa sokoni. Yeye alinipata kwa shemeji yake wa Kyela."

"Hilo gari umeliona?"

"Mimi sina macho, Mwalimu Tusekile. Nina miguu tu."

Namsogezea kitabu cha wageni. Penye sababu ya kuja anaandika: Nimetumwa hivi hivi kama nilivyopokelewa. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, jambo linaloniudhi. Anamaliza chai, anaaga, anasema anawahi shule ya jirani.

Namfungulia mlango, nami najikuta darasani. Hamna mtoto hata mmoja. Yapo madawati tu, na kila dawati limevaa soksi.

"Watoto wako wapi?" nauliza.

"Ndio sisi," linajibu dawati la mbele. "Tumejificha. Ulisema tukae kimya mpaka utuite majina."

"Ndiyo mkawa mbao?"

"Mbao hazikohoi, Mwalimu."

Uchungu unanipanda. Watoto wa miaka minane wananitii kuliko mume wangu alivyowahi kunitii.

Nachukua daftari la mahudhurio, naanza kuita. Anyosisye. Dawati linakuwa mtoto, mama yake anamfunika kwa khanga, wanaondoka. Lusajo. Atupele. Wanatoka mmoja mmoja, wakijikung'uta vumbi la mbao. Nafika jina la mwisho, na bado kuna dawati moja, kule nyuma dirishani.

"Na hilo?" naliuliza daftari.

"Silijui," linasema. "Mimi nawajua walioandikwa kwa wino."

Hapo nakumbuka. Mtoto anayehamia kwetu haingizwi daftarini mpaka barua yake ya uhamisho ifike. Tunamwandika kwa penseli kwenye kikaratasi, tunakichomeka ndani ya jalada. Walimu wote tunafanya hivyo, maana mwalimu mkuu hapendi daftari lichafuke. Napekua jalada na kikaratasi hakimo.

Nageuka, na darasa ni shamba la chai. Watu wamejaa kwenye mistari, wanachuma vikaratasi na kuvitupa vikapuni. Kila kimoja kina jina la mtoto. Bibi mmoja aliyejifunika kiroba kichwani ananitazama.

"Unamtafuta mjukuu wangu?"

"Mbona hukuja kumchukua, bibi?"

"Sina simu, mwanangu. Hakuna aliyeniambia. Na mvua ikinyesha huwa analala kwa shangazi yake, nikajua yuko huko."

"Na shangazi?"

"Shangazi anajua yuko kwangu."

Anasema bila kunilaumu. Afadhali angenitukana. Nalia katikati ya chai, na wachumaji wananiomba nisogee kidogo, niko kwenye mstari wao.

Bibi ananipa kikaratasi. Lile dawati la nyuma limesimama matopeni mbele yangu, soksi zimelowa.

"Hakuja mtu mbaya?" naliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Hakuja mtu."

"Ungepiga kelele."

"Ulisema kimya." Linaniegemea. "Niite basi. Miguu imekufa ganzi."

Penseli imefifia kwa mvua. Nasogeza kikaratasi puani, nasoma herufi moja moja, nafungua kinywa na sauti haitoki. Najaribu tena. Naona aibu mbele ya dawati.

Nikaamka nikipiga ukelele: "Subilaga! Subilaga Mwakibete!"

Kulikuwa kumepambazuka na mvua imekatika. Nyumba ya mwalimu ninayokaa imepakana na darasa la pili, ukuta kwa ukuta. Nilikaa kitandani nimeshika kifua, nikijiambia kwamba ni ndoto, kwamba mtoto mgeni lazima alichukuliwa na mtu.

Nyuma ya ukuta kitu kizito kilikwaruza sakafu. Kisha sauti ndogo, iliyokauka, ikajibu:

"Nipo, Mwalimu."