Helmeti Kwenye Usukani

...na huyu Profesa asinyamaze, Mungu amzidishie pumzi, aendelee hivyo hivyo, maana kila akifungua kinywa msimamizi anaiweka kalamu mezani, na kalamu ikiwa mezani mimi napumua, "Ziko nchi," anasema Profesa, "watu wanaendesha baiskeli kuanzia vikongwe mpaka wajawazito, kichwa wazi, upepo unapiga nywele, na hawafi ovyo, nimesoma mimi," na anajigonga kifua kwa kidole, na sisi wasoma mita tumekaa kwenye viti vya plastiki tukimtazama, Profesa si profesa wa chochote, ni msoma mita kama mimi, tunazunguka na baiskeli za shirika la maji nyumba kwa nyumba, tunafunua vifuniko vya chuma, tunafukuza buibui, tunafuta kioo kwa kidole gumba, tunaandika namba, mbwa wanatubwekea, basi, ndiyo kazi, lakini yeye husoma kila karatasi inayofungiwa vitumbua au sabuni, na siku zote huwa ananichosha, ila leo nampenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja, sema, Profesa, sema kwamba haisaidii, sema kwamba kichwa ni kichwa na saruji ni saruji... Fomu iko mbele ya msimamizi, kurasa mbili, ameishikiza kwa kikombe cha chai isipeperushwe na feni, na kando ya kikombe iko helmeti yenyewe, ya njano, na mimi kila mahali naweza kuangalia isipokuwa pale, naangalia kalenda, naangalia viatu vya fundi, naangalia ile waya ya feni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, "Swali la saba," msimamizi amesoma hilo mara tatu sasa, "Je, mfanyakazi alikuwa amevaa helmeti? Hapana. La nane. Je, ajali ilisababishwa au ilizidishwa na uzembe wa mfanyakazi?" na hapo ndipo Profesa alipodakia, kwa sababu likijibiwa ndiyo, basi Kengele akitoka hospitali atakuta barua inamsubiri, na njia yake atapewa mtu mwingine, akae ofisini kubandika stempu, Kengele, mwanamke asiyeweza kukaa kitako nusu saa, tulimpa jina hilo kwa sababu hapiti kona, hapiti lango, hapiti hata kuku bila kupiga kengele ya baiskeli, kri-kri, kri-kri, wateja wanajua, "Mama wa maji huyo amefika," wanafungua geti kabla hajabisha. Jumanne mtu alifungua mlango wa gari lililoegeshwa, hakuangalia nyuma, na Kengele alikuwa anapita, akaruka juu ya mlango, akatua na kichwa kwenye ukingo wa barabara, leo Ijumaa... "Tena," Profesa anasema, "dereva akikuona umevaa, anakusogelea zaidi, anajiambia huyu kajikinga," na mtu nyuma yangu anacheka kidogo, na mimi natikisa kichwa kukubali, natikisa mno, kama kondoo, nimejiona natikisa nikaacha. "Profesa," hii sasa ni sauti ya fundi, fundi wa baiskeli zetu, amesimama mlangoni kwa sababu suruali yake ina grisi na hataki kuchafua kiti, "hayo ya nchi za watu mimi siyajui, najua ya karakana yangu," na hii ni hatari, kwa sababu fundi haongei, fundi akiongea basi ameshafikiri siku mbili, "Mnakumbuka Mrefu alivyoanguka darajani mwaka juzi? Helmeti yake ninayo mpaka leo. Imepasuka kutoka huku," anajishika paji la uso, "mpaka huku," anajishika kisogo, "na Mrefu aliamka, akatukana, akaomba maji ya kunywa. Sasa niambie, ule ufa ungekuwa wapi?" Mrefu mwenyewe yuko pale dirishani, anajipapasa nywele bila kujua kwamba anajipapasa. "Na aliyevaa akagongwa na lori je?" Profesa hajakubali. "Lori ni lori, bwana. Sijasema helmeti ni hirizi. Nasema kichwa cha yule dada kilikutana na saruji, na katikati hapakuwa na kitu." Hapakuwa na kitu... kitu kilikuwepo, fundi, kilikuwa mitaa minne kutoka pale, kinaning'inia kwenye usukani wa baiskeli yangu, kinagongana na breki, tok, tok, kila nikipita kwenye shimo, nilikuwa nimelinda usukani, usukani wangu haujapata hata mchubuko. Helmeti yangu niliipoteza wiki mbili kabla, niliiweka juu ya ukuta wa mteja nikainama kusoma mita, nikaondoka, niliporudi haikuwepo, na sikusema kwa sababu nina barua mbili tayari, moja ya kuchelewa na moja ya kukadiria namba bila kufunua kifuniko, ya tatu ni kwaheri, kwa hiyo wiki mbili nilikuwa natoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku, mpaka Jumanne msimamizi akaweka kiti kwenye geti, na kule nyuma akafunga kwa kufuli, "Leo hatoki mtu kichwa wazi," na mimi nikarudi ndani kwenye ule ukuta wa misumari ya kutundikia helmeti, wangu wa nane mtupu, wa Kengele wa tisa umejaa, alikuwa amechelewa, nikajiambia natoka nayo tu, nikishapita namrudishia, itakuwa dakika tano, na kichwa changu kikubwa, ilinikaa juu kama kizibo cha chupa, ndani ameshonea kitambaa cha maua kwa mkono wake ili misuko isikwame, kitambaa kina harufu ya mafuta ya nywele, msimamizi akaniangalia akaweka alama ya vema, nikapita, nikakata kona, nikaivua hapo hapo, mkanda ulikuwa unanibana kidevu, joto, nikaitundika, na dakika tano zikaenda zao. "Tusipoteze siku," msimamizi anasema, "mimi simchukii yule dada, mnajua, lakini sheria ndiyo hii, na helmeti tuliikuta wapi? Msumarini. Inaning'inia. Mtu umepewa kifaa, kiko mbele ya macho yako, unakiacha," na anaipiga ile ya njano kwa kiganja, kama mtu anavyopiga tikiti kujua limeiva, natamani sakafu ipasuke... kwa sababu aliyeitundika msumarini ni mimi, saa nane mchana, wote walikuwa wamekimbilia hospitali, nilifika ofisini hakuna mtu, mlinzi akaniambia Kengele ameanguka, hali mbaya, na mkono wangu, naapa ni mkono tu, akili haikuwepo, mkono ulienda ukaivua usukanini ukaitundika wa tisa, vizuri, ikitazama mbele kama anavyopenda mwenyewe, halafu nikakaa chini nikalia, nililia kweli, nani atasema sikulia, lakini nililia nikiwa nimeshaitundika. Jana nilikwenda kumwona. Mke wangu ndiye aliyenisukuma, "Baba wewe, mtu unafanya naye kazi miaka sita, siku ya tatu hujaenda, watu watasemaje?" akanifungia machungwa, nikaenda na machungwa, wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho kabisa, karibu na sinki linalodondoka, nikawaza huyu dada akipata nguvu ataamka alikaze bomba hilo, kichwa chake kimefungwa kitambaa cheupe, upande mmoja wamenyoa, ile misuko yote upande mmoja imekwenda, jicho la kulia limefumba, na mama yake ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, "Karibu, mwanangu, ahsante kwa kuja, huyu ndiye kaka yake wa kazini," anamwambia jirani wa kitanda cha pembeni, kaka, "anamtaja sana," na mimi nimeshika machungwa kama mtoto aliyetumwa. Kengele akanijua. Polepole, lakini akanijua. Akasema, "Kaka mkubwa," ulimi mzito, "daktari anasema sitakumbuka. Jumatatu jioni naikumbuka, nilifua. Halafu niko hapa. Katikati hakuna," na akawa anatafuta, nilimwona anatafuta, jicho lile moja linakwenda darini linarudi, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka, "Nilikuwa nimevaa helmeti yangu?" Mama yake akanitazama. Sinki likadondosha. Nikasema, "Wanasema hukuvaa," ndivyo nilivyosema, wanasema, nikajificha nyuma ya watu wasiokuwepo, na yeye akafumba lile jicho, akasema, "Mimi nina nini jamani, mimi huwa siisahau," na mama yake, "Mwanangu, mbona ulijifanyia hivyo, una watoto," kwa upole tu, anamfuta mdomo, na Kengele analia upande mmoja, "Kaka, mwambie bosi aniwie radhi, nilifanya uzembe, usisahau, mwambie," nikasema nitamwambia. Nikampa machungwa. Nikatoka ile wodi nikitembea haraka, na nje, sitalisema hili kwa mtu, nje kwenye jua nilihisi nafuu, dakika moja nzima, hakumbuki, hakumbuki kitu, hakuna mtu duniani anayejua isipokuwa mimi, na nilihisi mwepesi, nikanunua soda, nikainywa mpaka chini. "Nani alimwona asubuhi ile?" msimamizi anauliza, kalamu iko mkononi, "Alitoka baada ya mimi kuingia ndani. Kuna aliyemwona njiani?" na watu wanatazamana, fundi anasema yeye alimpa baiskeli saa mbili na nusu, alikuwa na haraka, kuna mteja anavujisha, hakuangalia kichwani, "Nisamehe, sikuangalia," fundi anajilaumu, hata fundi, jamani, kila mtu humu anabeba kipande chake isipokuwa mwenye mzigo, nani alimwona, nani alimwona... Njia panda ya duka la vioo. Saa tatu kasoro dakika chache. Siku tatu nalizunguka hili kama unavyozunguka mbwa aliyelala. Mimi nilikuwa upande huu nimesimamisha baiskeli, nanywa maji, yeye akatokea upande wa pili, kri-kri, kri-kri, kichwa wazi, misuko yake yote, akafunga breki, akaweka mguu chini, akaiona usukanini kwangu. Hakukasirika. Ningepata wapi bahati ya yeye kukasirika. Alicheka, akapaza sauti juu ya magari, "We kaka! Hiyo si yangu hiyo? Naomba helmeti yangu!" na barabara ilikuwa hivi, hatua kumi na mbili, kumi na tano, magari mawili matatu yanapita, ningesubiri kidogo ningevuka, lakini baiskeli nilishaiegemeza, chupa iko mkononi, na nilikuwa na aibu pia, aibu ndogo ya kukamatwa, nikapunga mkono, nikasema, "Nitakuletea mchana!" na yeye akatikisa kichwa anacheka bado, "Haya, usinijazie jasho lako tu!" akakanyaga, akapiga kengele, akaenda. Hatua kumi na tano. Na mimi siku tatu nimekuwa kwenye lile swali la Profesa, ingesaidia, isingesaidia, usiku najigeuza upande huu ingesaidia, upande ule isingesaidia, mlango wa gari ni kitu gani, kofia ya povu ni kitu gani, kana kwamba ikionekana haisaidii mimi nitaamka nimetakata... isaidie, isisaidie, hilo wabishane hao wawili mpaka jioni, mmoja wao atakuwa na haki na mimi sitakuwa na haki vyovyote vile. Aliomba. Hilo ndilo analolitafuta darini kwa jicho moja, hakusahau, huwa hasahau, aliiona na akaiomba kwa sauti mbele ya magari, na asubuhi hiyo yake ninayo mimi, imo humu, nzima, na kicheko chake ndani yake, sikuchukua helmeti tu, ile ningeirudisha na niliirudisha, nimechukua na hii, nikampelekea machungwa. Na watoto wake wanaambiwa mama yenu alijifanyia. Barua ya tatu... haya, iwe ya tatu. Mke wangu nitamwambia mwenyewe, leo, kabla hajasikia bombani kwa wanawake, ataniangalia na yale macho, aniangalie. Na wodini kwa yule mama kwenye ndoo, pale, pale sijui nitasimama vipi, pale miguu yangu haijui, lakini nitasimama. "Basi," msimamizi anasema, "hakuna aliyemwona," anaivuta fomu kutoka chini ya kikombe, kikombe kimeacha duara la chai kwenye karatasi, anainamia la nane, na Profesa amerukia tena, "Hata kama hakuvaa, bosi, si lazima uite uzembe," fundi anamjibu, wanapandishiana sauti, feni inazunguka, "Mimi nilimwona," nimesema, sauti imetoka ndogo, imeishia magotini kwangu, hakuna aliyegeuka, naweza bado kukohoa ikafunikwa hapo hapo, hakuna atakayejua, nainua macho, naiangalia ile ya njano, kitambaa cha maua kimechungulia pembeni, natoa sauti kutoka tumboni, "Bosi, mimi nilimwona. Njia panda ya duka la vioo, kichwa wazi. Helmeti yake nilikuwa nayo mimi, na aliniomba."