Majina ya Fungu Mwali

PIMA SIFURI

"Fungu Mwali? Nalijua kama ulimi unavyoyajua meno. Nifungeni macho, bado nitawafikisha."

Ndivyo Lali Famau, kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo usio na komeo, alivyowaambia wapimaji wa bahari. Wakamchukua palepale awe mwelekezi wao.

Hajawahi kufika.


PIMA MBILI

Kwa wewe msomaji, ambaye pia hujafika (usione haya, mko wengi): Fungu Mwali ni kisiwa kilichozama. Duara la matumbawe, kama bangili iliyodondokea ndani ya ndoo. Hapana mnazi, hapana mchanga, hapana pa kuweka hata unyayo. Ni maji tu, ila pale rangi yake hufifia ghafla, kama mtu aliyepashwa habari mbaya.

Nchi ya kusini, iliyowatuma wapimaji, inasema bangili ni yake.

Nchi ya kaskazini inasema vivyo hivyo.

Samaki hawajaulizwa.


PIMA TATU

Chombo hakijavuka mkondo, Lali keshatapika chai, mkate, na nusu ya majigambo yake. Wakamshusha Kiwa, kisiwa cha upande wa kaskazini, nyumbani kwa mjomba wake Kupi. Watampitia wakirudi.

"Mjomba, nitajie majina ya Fungu. Kila jabali linaitwaje."

"Majina ya baharini hayatamkwi nchi kavu. Mimi nilitajiwa nikiwa juu yake, nawe utatajiwa ukiwa juu yake."

"Basi ninong'oneze."

"Wewe? Nikikunong'oneza leo, kesho yatatangazwa na redio. Kula wali wako."

Akala.


PIMA TANO

Njiani kurudi, Injinia Tunu, mkuu wa wapimaji, alikunjua ramani.

"Mkono huu wa mashariki, wenyeji mnauitaje?"

Lali alikuwa na njaa.

"Jiko la Nana."

"Na huu mwanya?"

"Mlango wa Mkwe. Ukiingia, unainama."

"Na hapa palipolala bapa?"

Akamkumbuka mwalimu wake wa jiografia, aliyekuwa akikoroma darasani.

"Kitanda cha Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mababu, Injinia."

Injinia Tunu aliandika yote. Alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi. Lali alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma, maana hakujua kwamba wino ule haufutiki.


PIMA TISA

TANGAZO KWA UMMA

Kwa kuwa imethibitika kwamba sehemu za Fungu Mwali zina majina ya asili yaliyotumiwa na wananchi wetu tangu enzi za mababu. Na kwa kuwa majina hayo ni ushahidi wa umiliki. Inatangazwa kwamba wavuvi wa upande wa kaskazini wamepigwa marufuku kuvua ndani ya duara hilo. Chombo kitakachokamatwa kitataifishwa. Nahodha wake atafungwa.


PIMA TISA (bado)

Kwa muuza kahawa:

"Wamemnasa nani?"

"Kupi wa Kiwa. Na chombo chake."

"Si ndiye mjomba wake Lali? Wamemnasia wapi?"

"Jiko la Nana."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mimi najua? Muulize mpwawe, ndiye mpishi."

Wakacheka. Lali naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa, na kilipofika kilikuta wenzake wamenyamaza.


PIMA KUMI NA NNE

Akisema kweli, atafungwa yeye, kwa kuidanganya serikali.

Asiposema, atafungwa

Mjomba.

Mjomba aliyemziba macho kwa kiganja siku ya jando, akamwambia, "Lia tu, baba, mimi sisikii." Na kweli hakusikia. Hata leo hajapata kumwambia mtu kwamba Lali alilia.

Lali sasa hatanii. Akiulizwa habari za asubuhi, hujibu, "Nzuri," basi. Watu wamedhani anaumwa.


CHINI HAPAFIKIWI

Kikao cha kamati ya kuamua kesi ya wavuvi waliokamatwa. Mwenyekiti alimsomea Mzee Kupi majina yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kuhutubia.

"Unayatambua?"

Hapo ndipo palipokuwa na pa kutokea. Aseme tu hayajui, majina yaanguke, chombo kirudi Kiwa. Na mpwa aanguke nayo.

Mzee Kupi alimtazama Lali, aliyeitwa kuwa shahidi. Kisha:

"Nayatambua."

"Ni ya watu wa kusini?"

"Ya kusini."

"Kwa hiyo ulijua umeingia kwao?"

"Nilijua."

Mwenyekiti aliinua kalamu.

"Baba, usimbebe."

Ni Somoe, bintiye Kupi, aliyekuja na furushi la nguo za baba yake za kubadilisha. Alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango.

"Kaa chini, mwanangu," alisema Kupi.

"Sikai. Mheshimiwa mwenyekiti, huyu Lali alikuja kwetu siku ya upimaji, akambembeleza baba amtajie majina ya Fungu. Baba akamnyima. Mimi ndiye niliyekuwa napakua wali, nilisikia. Sasa mumuulize: kama majina alikuwa nayo, alikuwa akiomba nini?"

Kalamu ikabaki hewani. Injinia Tunu alikuwa ameinamia ramani yake, hainui uso.

"Bwana Lali?" alisema mwenyekiti.

Upande wa pili wa meza, Mzee Kupi alitikisa kichwa, kidogo mno, kama anayefukuza nzi. Usiseme.

Lali alisimama. Akafungua kinywa, na kusema, "Niliyatunga mimi."