Kilo Saba Mkononi mwa Kimya

Kimya alipewa jina hilo na mama yake kwa sababu ya aibu; hata dukani alinyoosha kidole badala ya kusema. Lakini kazi ya mizani aliishika barabara. Tangu daktari aseme moyo wa mama umechoka na vali moja, mlango wa damu moyoni, inavuja, kila asubuhi kabla ya chai alimpandisha mama kwenye mizani, akaandika namba kwenye daftari. Nesi alikuwa amewaonya: kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, msikae, njooni. Hayo ni maji, si unene.

Miezi miwili, sitini na moja. Sitini na moja. Sitini na moja.

Siku ya kliniki nesi alipitisha macho kwenye daftari, kisha akaitazama miguu ya mama iliyofura juu ya kandambili.

"Namba zimeganda kama barafu. Mama, unalalia mito mingapi?"

"Mitatu, ndipo napata pumzi. Nimekuwa malkia," mama akajibu, akihema.

"Haya, malkia, panda."

Mama akapanda. Kimya akamshika kiwiko kama kawaida, maana akisimama pale mama hupata kizunguzungu. Mshale ukasimama sitini na moja.

"Mwachie," nesi akasema.

"Ataanguka."

"Nipo hapa. Mwachie, mdogo wangu."

Kimya akatoa mkono. Mshale ukatetemeka, ukapanda. Sitini na nne. Sitini na sita. Ukatulia sitini na nane.

Bega lililomuuma Kimya wiki nzima, akalisingizia ndoo za maji, kumbe ndilo lililobeba kilo saba! Kadiri mama alivyojaa maji na kuishiwa nguvu, ndivyo alivyomwegemea zaidi, naye akadhani mama anadeka tu.

"Nyumbani huwa mnampimaje?"

Angeweza kuinamisha kichwa, kama siku zote.

"Namshika," akasema, kwa sauti iliyowageuza watu kwenye benchi. "Kila siku namshika!"

Nesi hakumgombeza. Aliita kiti cha magurudumu, akaagiza kitanda na dawa ya kutoa maji, leo hii hii. Mama akanyoosha mkono ateremke.

"We Kimya, umegeuka nguzo? Nishike."

Kimya aliutazama ule mkono kana kwamba hajawahi kuuona. Akamgeukia nesi, akangoja aitikie kwa kichwa, ndipo akaupokea.